Wageni kutoka Ujerumani: niwaonyeshe nini Nyanda za Juu Kusini?

Swali (Iringa): Habari zenu. Mwezi Julai nitapokea wageni wanne ambao, kwao, Tanzania ni Serengeti na Zanzibar tu. Tuna siku nne za kutoka Iringa hadi Mbeya, nianzie wapi?

Jibu (Kalenga): Karibu Kalenga, ndugu yangu. Kwa kuwa ni Wajerumani, usiwafiche habari za Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda askari wa Kijerumani mwaka 1891, kisha waone fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka kwao mwaka 1954. Isimila, penye zana za mawe za kale, itawatosha saa mbili.

Jibu (Tukuyu): Hifadhi ya maua ya Kitulo kwa Julai hapana, maana maua huchanua wakati wa mvua, na baridi ya huko itawakata masikio. Walete Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili, halafu Ziwa Ngosi lililo ndani ya kreta, ila wavae viatu vya kushika ardhi, kwani njia ya msituni huteleza hata kiangazi.

Jibu (Mbozi): Mmesahau kimondo! Kipo mkoani Songwe, kinakadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16, na ubavuni kina kovu pale kipande kilipokatwa kwa msumeno.

Muuliza swali: Ahsanteni. Kitulo nimeifuta, masweta nitayaongeza.