Kwa nini visima vya kale vya Athene vimejaa vyombo vilivyovunjika?

Mwana wa Majengo, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa rika langu habari za jioni. Nyumbani kwetu Majengo kuna kisima ambacho marehemu baba alikichimbisha kabla sijazaliwa, nacho kiliachwa tulipovuta maji ya bomba. Tangu hapo kila sahani iliyovunjika, kila kikombe kilichong'oka mkono na kila chungu kilichopasuka kilitupwa humo, kwa sababu mama hakutaka watoto wakanyage vigae uani. Mwezi uliopita tulianza kukifukua ili tukijaze upya kwa mawe na kifusi cha kushindilia, maana tunataka kujenga pale. Nilipoona bakuli la maua mekundu nililokuwa nikinywea uji utotoni likitoka na matope yake, nilisimamisha kazi.

Usiku ule nilisoma kwamba huko Athene, Ugiriki, vimefukuliwa visima vya zaidi ya miaka 2,000 vilivyojaa vyombo vya udongo, vingine karibu vizima. Naomba wenye ujuzi wanisaidie mambo mawili. Kwa nini watu waliotaabika kuchimba kisima wakigeuze jalala? Na wataalamu wanajuaje ni chombo kipi kilitupwa na kipi kilitumbukia chenyewe?

Mwalimu wa Historia, Arusha

Marahaba mwanangu, na umefanya vyema kusimamisha kazi.

Usidhani kwamba Waathene walividharau visima vyao. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anaeleza sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athene, kwamba aliyekaa ndani ya stadia 4 kutoka kisima cha umma, yaani kama mita 740, alipaswa kuchota hapo, na aliyekaa mbali zaidi ajichimbie chake. Kama amechimba hadi pima 10, karibu mita 18, na maji hayakuonekana, aliruhusiwa kuchota kwa jirani mtungi mmoja mara mbili kwa siku. Mtungi huo ulichukua takriban lita 20, sawasawa na dumu tunalobeba sisi. Nikiwaeleza wanafunzi wangu jambo hili, wale wanaoamka alfajiri kwenda bombani hulielewa mara moja.

Basi kisima hakikugeuzwa jalala kikiwa hai. Kilikufa kwanza: maji yalikauka, au kuta zilibomoka, au maji yaliharibika, au eneo lilibadilishiwa matumizi. John Camp, aliyeongoza kwa miaka mingi uchimbuaji wa Agora, yaani uwanja mkuu wa mji ule, aliona kwamba visima vingi vilifungwa karibu na mwisho wa karne ya 8 KK, na mwaka 1979 akatoa hoja kwamba kulikuwa na ukame. Kikishakufa, kinachobaki ni shimo lenye upana wa kama mita moja na kina cha mita nyingi katikati ya ua wenye watoto na mbuzi. Lazima lizibwe, na cha kuzibia kilicho karibu ni taka za nyumba. Shaba iliyovunjika huyeyushwa ikafuliwa upya, na mbao huishia mekoni, lakini chungu kilichokwisha kuchomwa hakirudi kuwa udongo wa kufinyangia, wala hakiozi. Ndiyo maana vigae ndivyo vinavyojaa humo.

Zipo pia nyakati ambapo visima vingi vilizibwa kwa mpigo. Mwaka 480 KK Waathene waliuhama mji wao, wengi wakavukia kisiwa cha Salamis, na Waajemi wakauchoma. Mwaka uliofuata wakarudi tena kuharibu yaliyosalia. Wenyeji waliporejea walikuta nyumba zimeanguka na visima havinyweki. Walikusanya kilichovunjika wakakimwaga humo, kisha wakajenga upya. Wachimbuaji wamebaini visima na mashimo kama 20 ya usafi huo kuzunguka Agora. Kimojawapo, ambacho Kathleen Lynch alikiandikia utafiti mwaka 2011, kilikuwa cha nyumba moja, na ndani yake zilikutwa sufuria za udongo za jikoni pamoja na vikombe vingi vya divai vya kukaribishia wageni. Mimi hapo ndipo ninapoguswa zaidi, kwa kuwa kabati zima la familia moja limelala pamoja, cha kila siku na cha wageni.

Fundi Visima, Usa River

Mwalimu amemaliza upande wa kwa nini, nami naomba nijibu swali la pili kwa kazi ya mikono yangu, kwa kuwa nimechimba na kufukua visima kwa zaidi ya miaka 20.

Kisima chochote kilichotumika kina hadithi mbili, ya chini na ya juu. Chini kabisa, kwenye tope laini, utakuta vitu vya kuchotea tu: ndoo, kopo, kipande cha kamba, labda ufunguo wa mtu aliyeinama. Vitu hivyo vilitumbukia kimoja kimoja kwa miaka, fundo likilegea au mpini ukikatika, na kwa kuwa vilipokewa na maji, mara nyingi havikuvunjika sana. Juu yake mambo hubadilika ghafla: mawe, majivu, mifupa, tofali, sahani, vyote vimechanganyika. Hapo ndipo kilipoachwa.

Nimesoma kwamba wataalamu wa Athene nao hutenga tabaka la matumizi na tabaka la kutupia, na kwamba katika lile la chini hukuta zaidi mitungi ya maji. Nilifurahi pia kusoma kwamba kwenye kuta za visima vyao kuna vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa pande mbili, kwa sababu mimi huchonga vivyo hivyo ninaposhuka.

Niongeze sababu moja ya huku kwetu chini ya Mlima Meru: kisima kinaweza kufa kikiwa kimejaa maji, kwa sababu ya floraidi inayoharibu meno na mifupa. Na nakuomba, kijana wangu, asishuke mtu humo kabla hewa haijapimwa. Kisima cha zamani kinaua bila kelele.

Binti Mpare, Moshi

Shikamooni. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi huko Upare, hivyo swali hili limenigusa. Lakini tunajuaje kwamba lile tabaka la juu lilimwagwa mara moja? Je, haiwezekani kwamba watu walitupa kidogo kidogo kwa miaka 30, kama alivyofanya mama yake muuliza swali?

Mwalimu wa Historia, Arusha

Marahaba binti yangu. Inawezekana, na vipo visima vilivyojaa taratibu. Kinachoamua ni maungio. Wachimbuaji huandika kila kapu limetoka kina gani, kisha mezani hujaribu kuunganisha vigae. Kipande cha mdomo kilichotoka mita 4 kikiungana na kitako kilichotoka mita 9, na jambo hilo likijirudia kwa vyombo vingi, basi kifusi chote kiliingia kwa mkupuo mmoja. Vikiungana vya kina kimoja tu, basi kilijaa polepole.

Wakati mwingine kigae chenyewe husema. Waathene walikuwa na kura ya kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10, na kura yenyewe ilikuwa jina lililokwaruzwa juu ya kigae. Mwaka 1937 mchimbuaji Oscar Broneer alikuta katika kisima cha mteremko wa kaskazini wa Akropoli, kilima cha ngome ya Athene, vigae kama 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistokles, na mwandiko ulipochunguzwa ukaonekana kuwa wa watu 14 tu. Inaelekea wapinzani wake waliviandaa mapema ili kuwagawia wapiga kura. Vingeokotwa kimoja kimoja sehemu mbalimbali, hakuna ambaye angetambua mpango huo.

Mwana wa Majengo, Moshi

Nawashukuru sana. Tuliajiri fundi mwenye kipimo cha hewa, tukatumia pampu, na nikanunua ndoo sita nilizoziandika kina kwa rangi. Mama alikaa kivulini akizipokea. Ilipofika ya mwisho, ya tope la chini, hapakuwa na sahani hata moja: ilitoka ndoo ndogo ya bati, imebonyea upande mmoja, na kwenye mpini bado kuna fundo la kamba ya katani. Mama aliishika muda mrefu, kisha akasema ni ya shangazi, aliyeidondosha asubuhi ya siku baba alipokuwa akisafiri, na kwamba kwa wiki nzima walichota kwa sufuria.