Permesso (kibali cha kuishi) ya mwanafunzi Italia: bahasha ya posta inakwama wapi?

MgeniPadova: Habari zenu wadau. Mwanafunzi akiingia Italia kwa viza ya masomo ya mwaka mmoja, ile bahasha ya posta ya kuombea kibali anaijaza vipi isikwame? Siku 8 zinahesabiwaje, na jumla ya gharama ni kiasi gani?

BintiMzizima: Karibu ndugu. Ni siku 8 za kazi tangu kuingia, na ndani yake unatakiwa uwe umeshapeleka bahasha. Kadi yenyewe itachukua miezi. Nenda posta yenye dirisha la Sportello Amico uombe kit, yaani bahasha ya fomu yenye mstari wa njano, ni bure. Mwanafunzi hujaza Modulo 1 (fomu ya kwanza) peke yake. Modulo 2 ni ya wenye kipato, usiiguse. Wino mweusi, herufi kubwa, kila herufi na kisanduku chake.

Ndani weka nakala ya pasipoti (picha, viza, muhuri wa kuingia), barua ya chuo, uthibitisho wa fedha na bima ya afya. Bahasha usiifunge kwa gundi! Karani lazima akague kilichomo na aione pasipoti halisi.

Fedha: stempu ya euro 16 kutoka tabaccheria (duka la sigara), bollettino (hati ya malipo ya posta) ya 70.46 (40 za kibali cha hadi mwaka, 30.46 za kadi), na 30 anazopokea karani. Jumla 116.46.

KakaTurin: Naongeza la majina, maana hapo ndipo Watanzania wengi tunaumia. Andika kama pasipoti ilivyo, usipunguze hata moja. Tuseme pasipoti ina Hamisi Juma, ubini Mwinyi: codice fiscale (namba ya mlipakodi) itaanza MWNHSJ. Ukiacha Juma inaanza MWNHMS, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Baadaye daktari, benki na chuo vyote vinagoma. Ukiona tofauti, irekebishe Agenzia delle Entrate (ofisi ya kodi) kabla ya kwenda posta.

MgeniPadova: Ahsanteni sana. Na anayefika Oktoba, ajiunge na bima ya serikali?

BintiMzizima: Hapana, atapoteza hela. Tangu 2024 mwanafunzi hulipa euro 700, na bima hiyo inafuata mwaka wa kalenda, haigawanywi kwa miezi. Akilipa Oktoba, inakwisha Desemba 31. Anunue bima binafsi inayofunika muda wote wa kibali.

KakaTurin: Risiti ya posta itunzwe kama pasipoti, ndiyo yenye siku ya kuchukuliwa alama za vidole Questura (makao ya polisi). Siku hiyo abebe picha 4 na nyaraka zote halisi. Viza ikishaisha, risiti pekee haimruhusu kwenda Ufaransa wala Ujerumani, hata kwa wikendi moja.