Wanamuziki wa jukwaani: ulipoanguka ulirudi na nini? Tupeane uzoefu

Fret ya Kumi na Mbili
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa waliowahi kuishi kwa kupanda jukwaani, kisha siku moja jukwaa likawakataa: ajali, sauti, bendi kuvunjika, pombe, lolote. Za "kaza moyo" nimeshashiba. Nataka mtu aniambie Jumatatu ya kwanza aliamka akafanya nini.

Naanza mimi. Nimepiga gitaa la solo miaka kumi na nne kwenye bendi za dansi hapa Dar. Nimehama bendi tatu, na kwetu kuhama si dhambi. Hata marehemu Muhidin Gurumo alitoka Juwata mwaka 1978 akaingia Mlimani Park, na mwishowe akarudi Msondo, ambayo ndiyo Juwata ileile kwa jina jingine. Mwaka 2016, Jumatano usiku, natoka mazoezini nimepakiwa kwenye bodaboda, gitaa mgongoni. Gari dogo likakata kona halina taa. Gitaa lilipona. Kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto mpaka leo havikunji.

Bendi walinisubiri wiki tatu, wakaleta kijana kutoka Morogoro. Siwalaumu, Ijumaa haimsubiri mtu. Ila pale bendini hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa "Solo". Mama ntilie mwenyewe: "Solo, leo wali au ugali?" Siku nimekwenda kuchukua posho yangu ya mwisho nikasikia "Solo!", nikageuka. Aliyeitwa ni yule kijana. Barabarani niliumia tu. Kuanguka nilianguka hapo.

Sasa Jumatatu ya kwanza: nililala. Nililala kama miezi minne. Gitaa nililiuza kulipa kodi ya chumba. Nilizunguka mtaa mzima nisipite mbele ya ile baa tuliyokuwa tukipiga. Mpwa wangu akanitumia habari za Django Reinhardt, mpiga gitaa mmoja mzaliwa wa Ubelgiji aliyeishi Ufaransa, aliyeungua moto mwaka 1928, vidole vilevile viwili vya mkono uleule wa kushoto, na bado akawa bingwa wa gitaa kwa vidole viwili vilivyobaki. Mpwa alikuwa na nia njema. Nilimpiga blok wiki nzima. Mtu aliye chini ukimwonyesha aliyeruka, unamwongezea deni.

Aliyenisaidia ni daktari niliyemwendea kwa ajili ya mkono. Akaacha mkono, akaniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, mara ya mwisho kucheka ni lini. Nikaambiwa hiyo inaitwa sonona na ina matibabu. Nilidhani ni uvivu.

Baadaye kwaya ya usharika wa jirani ilipoteza mpiga kinanda, kaenda masomoni. Kwenye kinanda mkono wa kushoto unaweza kushika besi kwa vidole vitatu, na wa kulia ninao mzima. Nilianza kama mtoto. Kuna binti wa miaka kumi na miwili alikuwa ananisahihisha mbele ya watu: "Mjomba, hapo ni fa." Mwaka mmoja na nusu hivi. Sasa wikiendi napiga hotelini na wenzangu watatu, zilipendwa na rumba. Zile solo zangu nazipiga kwa mkono wa kulia juu ya funguo, na wazee wanazitambua. Wahudumu wananiita "Mwalimu". Mwanzoni nilikuwa siitiki.

Karibuni.

Bint Ngamiani
Pole sana kaka yangu. Mimi ni wa taarab, mzaliwa wa Tanga, nimeimba zaidi Unguja. Kwangu ilikuwa koo. Harusi tatu kwa wiki, vipaza sauti vibovu, unashindana na dumbaki na kelele za ukumbi, unarudi alfajiri unakunywa maji ya baridi. Sauti ikawa inakatika juu kama uzi mkuukuu. Nikatafuna tangawizi, nikanywa asali, nikaambiwa nimefanyiwa husuda na nikaamini, maana ukiimba mipasho hukosi maadui.

Daktari wa masikio, pua na koo akaniambia ni vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dawa ya kwanza: kimya. Wiki mbili nisitoe neno, hata kunong'ona, maana alisema kunong'ona nako kunachosha koo. Mwimbaji wa taarab wiki mbili kimya! Watoto waliniletea daftari. Mume aliniambia hajawahi kupumzika hivyo tangu tuoane, nikamwandikia jibu ambalo sitaliweka hapa.

Kimya ndicho kilichonivunja. Usiku nasikia harusi ya mbali, nasikia fidla inaingia, najua beti linalofuata, na mdomo siwezi kufungua. Nililia bila sauti, kwa kweli bila sauti.

Baada ya hapo mazoezi ya kupumua na ya koo miezi mingi. Juu hapakurudi pote. Nilikuwa na chaguo mbili: kuendelea kuziimba nyimbo zangu palepale nilipozizoea nikavunja koo tena, au kumwambia mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ashushe ufunguo niimbe chini zaidi. Nilikataa muda mrefu, niliona kushusha ni kukiri. Nilipokubali, bibi mmoja alikuja kunituza akaniambia, "Leo ndiyo nimesikia maneno." Miaka yote hiyo alikuwa akisikia makelele yangu!

Watu watakuletea mfano wa Bi Kidude, kwamba aliimba mpaka uzeeni na sigara mkononi. Mwenyezi Mungu amrehemu, ila ile ilikuwa koo yake peke yake. Msiige sigara.

Siku hizi nafundisha wasichana. Somo la kwanza ni kupumua, la pili ni kumkatalia mwenye harusi ya tatu.

Mzee wa Kandokando
Mnaandika vizuri, ila semeni na ukweli mwingine: mwanamuziki asiye na kazi ya pembeni anacheza kamari. Nimeacha besi, nina duka la vifaa vya umeme, nalala usingizi.

Fret ya Kumi na Mbili
Mkuu, unalala kweli? Hapo dukani redio ikipiga ngoma uliyorekodi inakuwaje?

Mzee wa Kandokando
Naongeza sauti. Wateja hawajui. Hapo umenipata.

Gitaa Moja Nairobi
Huku Kenya yetu ilitupata sote pamoja. Mimi ni mtu wa gitaa moja na kompyuta ndogo ya midundo, napiga kwa baa. Machi 2020 baa zikafungwa, kafyu ikaanza saa moja jioni. Saa moja! Kazi yangu ilikuwa inaanza saa tatu. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, kwa hivyo hesabu mwenyewe.

Spika moja niliuza, nikanunua kikaango na kreti za mayai. Smokie (soseji) na mayai, stejini, pale kituo cha matatu. Aibu ya kwanza: mteja wangu wa zamani alinitambua nyuma ya barakoa, akanunua mayai mawili akaacha noti ya elfu bila kungoja chenji. Nilikasirika kuliko angenitukana. Nilitaka aniitishe wimbo.

Kesho yake nikaja na gitaa. Nikipata nafasi kati ya wateja napiga moja. Mayai yakaanza kuisha mapema, na watu wakaanza kuuliza kama napiga mchana: ruracio (sherehe ya mahari), bathidei, hata matanga. Sikuwa najua kuna muziki wa mchana. Sasa baa nimerudi, lakini siku mbili tu kwa wiki, na pombe nimepunguza kwa sababu matanga huanza asubuhi na huwezi kwenda ukinuka.

Mke wa Mpiga Drums
Mimi si mwanamuziki. Bendi yake ilivunjika kwa ugomvi wa pesa, akakaa uani mwezi mzima. Nilijua anaanza kupona siku alipogonga meza kwa vijiko wakati naosha vyombo. Sikusema kitu. Niliendelea kuosha vile vilivyokwisha kuoshwa.

Bint Ngamiani
Dada, umeniliza.

Kinda wa Studio
Wakubwa, Saida Karoli je? Alikuwa kimya miaka, wimbo wake ukarudiwa na Diamond Platnumz na Rayvanny mwaka 2016, naye akasikika upya. Si bahati hiyo?

Fret ya Kumi na Mbili
Bahati ipo, mdogo wangu. Ila wimbo ulikuwepo wa kurudiwa. Ulizotunga wewe umezisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, au ziko kwenye simu yenye kioo kilichopasuka?

Kinda wa Studio
Ziko kwenye simu.

Fret ya Kumi na Mbili
Kazisajili Jumatatu. Halafu, wakuu, kuna kijana wa jirani kavunjika mkono wa kushoto wiki iliyopita, alikuwa anapiga gitaa la rhythm. Sijamwendea bado, sitaki kwenda na maneno matupu. Mwenye kinanda cha bei nafuu, hata kama kina funguo mbili zilizokufa, anitafute pembeni.