Matangazo ya shule yananipita kwenye kundi la wazazi, hata ya dawa. Nifanyeje?

MamaIgoma (mwanzisha uzi)

Habari za leo wana jukwaa. Naomba ushauri kwa wenye watoto shule za msingi, na walimu kama mpo humu.

Nina mtoto darasa la tatu na mwingine wa awali, shule ya serikali hapa Mwanza. Tangu mwaka huu uanze, matangazo yote yanapitia kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Zamani mtoto alirudi na kikaratasi, au waliambiwa wakiwa mstarini wakaja kutuambia. Sasa kila kitu kiko kundini, na kundi lenyewe limegeuka soko. Asubuhi salamu na maombi, mchana vitenge na mashuka, jioni mpira. Humo humo katikati mwalimu ameandika kwamba kesho watoto waende na ufagio, au kikao ni Ijumaa saa tatu. Mimi nipo kwenye genge toka alfajiri, simu naishika nikipata upenyo. Nikifungua usiku nakuta ujumbe umejaa mpaka nakata tamaa ya kusoma.

Hayo ya ufagio ningeyavumilia. Lililonileta hapa ni la dawa. Wiki iliyopita watoto walipewa dawa za kichocho na minyoo. Tangazo lilisema mtoto ale ashibe kabla ya kutoka nyumbani. Liliwekwa usiku, likafunikwa na picha za sendofu ya mtu. Wangu huondoka na chai kavu kwa sababu uji wanakunywa shuleni saa nne, na siku hiyo dawa ikatolewa kabla ya uji. Alitapika, akashikwa na kizunguzungu, mwalimu akamlaza ofisini mpaka nikafika. Sasa ni mzima, anacheza. Ila majirani zangu wawili wameapa kwamba dawa ikija tena watoto wao hawaendi shule siku hiyo. Hilo ndilo linaniuma zaidi, maana tunaishi na ziwa na watoto wetu hawatoki majini.

Baba yao anasema niende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mimi naogopa kuonekana namshtaki mwalimu wa darasa, ambaye ni mtu mwema na darasa lake limefurika. Kwenu mnafanyaje ili tangazo la maana limfikie kila mzazi? Na hili nalipeleka kwa nani?

Kirumba_Juu

Pole sana dada, na mtoto pole. Tafuta mzazi mmoja mnayeaminiana kwenye darasa hilo, mwenye muda wa simu. Akiona tangazo akupigie. Sisi tunafanya hivyo na jirani yangu, yeye anasoma kundi, mimi napeleka watoto wote wawili asubuhi.

MwalimuMstaafu

Mama Igoma, salaam. Nimefundisha shule za msingi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nikujibu kwa upande wa mezani kwa mwalimu.

Anza na mwalimu wa darasa. Ukipita juu yake ukaenda kwa mkuu, atasikia kuwa ameshtakiwa, na hapo hata jambo jema linakuwa gumu. Nenda baada ya vipindi, umkute ametulia, umpe mkono, umshukuru kwa kumhudumia mtoto siku ile. Kisha mweleze kama ulivyotueleza sisi, na uwe na pendekezo mkononi. Walimu tunasikia malalamiko kila siku. Mzazi anayekuja na namna ya kusaidia hatumsahau.

La kwanza la kupendekeza ni kutenganisha matangazo na maongezi. WhatsApp inaruhusu kundi ambalo viongozi wake tu ndio wanaoweza kuandika. Mwalimu wa darasa na mzazi mmoja wawe viongozi, humo yaingie matangazo ya shule peke yake. Lile la zamani libaki kwa vitenge na mpira, hakuna atakayenuna. Na huyo mzazi kiongozi ni muhimu. Bando la mwalimu linatoka mfukoni mwake, na jioni ana madaftari ya kusahihisha.

La pili ni la zamani na sijaona linaloshinda. Kipindi cha mwisho mwalimu anaandika tangazo ubaoni, mistari miwili mitatu, watoto wa darasa la tatu kwenda juu wananakili nyuma ya daftari. Mzazi anasoma na kutia saini, kesho yake kiranja wa darasa anapita kuangalia. Asiye na saini anajulikana, na mzazi wake ndiye wa kutafutwa. Hapo ndipo kundi la simu linaposhindwa. Mwalimu akishaweka tangazo anaona kazi imekwisha, hana namna ya kujua nani hajapata. Kwa awali na la kwanza, ambao hawajaweza kunakili, kikaratasi kidogo, au mwalimu amwambie anayekuja kumchukua mtoto.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye kamati ya shule. Kamati ina wajumbe wanaotokana na wazazi, na jambo la ratiba ya uji siku ya dawa ni la kamati kabisa. Mwalimu mmoja hawezi kuusogeza uji, kamati na mkuu wanaweza.

Muuguzi_Ziwani

Naomba nizungumzie dawa, kwa sababu hao majirani wawili wakisikilizwa mtaa mzima utafuata.

Dawa ya kichocho inaitwa prazikwanteli. Ya minyoo ni albendazo, na hiyo haina shida sana. Prazikwanteli ikikuta tumbo tupu mtoto hupata kichefuchefu, tumbo kukata, kizunguzungu, wengine hutapika. Ndiyo maana tunasisitiza chakula cha kushibisha: ugali wa jana na maharage, viazi, uji mzito. Chai kavu haitoshi. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya saa chache, kama ilivyokuwa kwa mwanao. Dawa si mbovu. Mtoto mwenye minyoo mingi ya kichocho anaweza kusumbuliwa zaidi, kwa hiyo wakati mwingine anayetapika sana ndiye aliyekuwa anaihitaji zaidi.

Idadi ya vidonge inatokana na urefu wa mtoto, ndiyo maana mnaona anasimamishwa kwenye kipimo kabla ya kupewa. Ni vidonge vikubwa na vichungu, asivitafune, ameze na maji. Mtoto mwenye homa siku hiyo, au mwenye kifafa, mzazi aseme mapema ili ashauriwe kwanza na mhudumu wa afya.

Kuhusu kumficha mtoto nyumbani: kichocho cha huku kwetu kinakaa tumboni na kwenye ini. Mtoto anakipata akigusa maji tu, kuoga, kuchota, kuvua, kwa sababu vijidudu vinatoka kwa konokono wa ziwani na kupenya kwenye ngozi. Miaka mingi bila dawa ini linaharibika, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Nimewahudumia watu wazima wa namna hiyo, na inaumiza kwa sababu kilikuwa kitu cha vidonge vya bure shuleni. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini leo, haimkingi asiambukizwe kesho akirudi majini. Kwa hiyo inarudiwa.

Tangazo la dawa liwafikie wazazi siku kadhaa kabla, na siku yenyewe uji utangulie. Shule zinazopika uji kwanza hazipati matatizo haya.

Mwalo_Kayenze

Mnaongea WhatsApp, sisi wengine tuna kitochi. Mimi navua dagaa. Giza likiwa zito tupo majini usiku kucha, mchana tumelala. Mama yake anaanika. Hakuna anayeshika kundi hapo.

Kilichotusaidia ni kwamba mwalimu mkuu alikuja mwaloni, pale tunapoegesha mitumbwi, akaongea na mwenyekiti wa mtaa na kiongozi wetu wa mwalo. Tangazo linabandikwa pale tunapopimia dagaa, na kipaza sauti kinapita jioni. Halafu vikao vya wazazi vikahamishiwa siku za mbalamwezi, maana taa zetu hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, tunakuwa nchi kavu. Kikao cha kwanza cha namna hiyo akina baba tulijaa mpaka madawati yakapungua. Kabla ya hapo tuliitwa wazazi wasiojali.

MamaG_Nyegezi

Nakubaliana na daftari, ila na wazazi wenzangu tuambizane ukweli. Matangazo mengine yanatugharimu sana yakipita. Kwangu lilikuwa la kuhakiki majina ya watoto kabla ya usajili wa mtihani wa darasa la saba. Tulitakiwa kufika na cheti cha kuzaliwa tulinganishe na jina lililo kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Tangazo lilikuwa kundini, limezama. Herufi moja ya jina la ukoo ikabaki ilivyokosewa, na sasa kila ofisi ninayokwenda naulizwa kwa nini cheti na shule havifanani. Nashauri mambo matatu yasiachiwe kundi hata siku moja: afya, mitihani, na fedha.

Likoni_Mzazi

Hodi kutoka ng'ambo ya Mombasa. Huku shuleni kwetu kila mtoto ana dayari, mwalimu anaandika, mzazi anaweka sahihi. Lakini mama, daftari nalo lahitaji mzazi alifungue. Tumefanya iwe desturi: mtoto akivua viatu tu mlangoni, dayari inawekwa mezani kabla ya kwenda kucheza. Nyanya yao hajui kusoma, basi mtoto humsomea kwa sauti, naye hunipigia.

Kirumba_Juu

Vipi kila mzazi akichangia kidogo shule iwe inatuma meseji za kawaida? Zinafika hata kwenye kitochi.

MwalimuMstaafu

Wazo ni zuri, lakini tahadhari. Elimu ya msingi haina ada, na mchango wowote ni wa hiari. Upitie kamati na mkutano wa wazazi, usikusanywe na mwalimu wa darasa, na mtoto asirudishwe nyumbani wala asisimamishwe mbele kwa sababu mzazi hajatoa. Kama hayo hayawezekani, meseji chache kwa wazazi wachache wasio na simu janja, mzazi kiongozi anaweza kuzituma mwenyewe.

MamaIgoma

Asanteni mno, mwalimu shikamoo. Jana nimemfuata mwalimu wa darasa baada ya vipindi. Hakukasirika. Kumbe naye tangazo la dawa alilipata siku hiyo hiyo jioni, akaliweka kundini palepale alipolipata. Kundi jipya la matangazo tumelifungua, mzazi kiongozi ni mama mmoja mshonaji ambaye yuko na simu muda wote. Daftari ataanza Jumatatu. La uji kutangulia siku ya dawa na la taarifa kufika mapema tunalipeleka kwenye kamati, ameniomba twende wote wawili.

Wa awali ndiye bado sijapata namna ya matangazo yake kunifikia. Anachukuliwa na dada wa kazi wa jirani, na huyo naye hubadilika kila mara. Mwenye wazo anipe.

Muuguzi, naomba ruhusa yako. Nataka niliandike jibu lako kwenye karatasi niwapelekee wale majirani wawili, mmoja wao hana simu kabisa.

Muuguzi_Ziwani

Lichukue lote, mama. Waulize pia kama watoto wao wanalalamika tumbo au wanaona damu kwenye choo. Kama ndiyo, wasisubiri siku ya shule, wawapeleke zahanati wakapimwe. Na wakienda, wawalishe kwanza.

Likoni_Mzazi

Kwa wa awali: bana kikaratasi kwa pini ya usalama ndani ya mfuko wa begi lake, palepale unapotoa kikombe cha uji kukiosha. Yeyote atakayemchukua, begi litafika kwako.