Muvi za magenge za Korea: tupeane uzoefu, nini hasa kinazifanya zikamate hivi?

#1
Wakuu, uzi huu ni wa wanaozijua muvi za magenge za Korea Kusini kwa undani. Tupeane uzoefu kwa mambo yanayoshikika: mtu aangalie nini, aanze na ipi, na wapi watazamaji wengi hupotea. Ukigusa mwisho wa muvi, tanguliza onyo.

Naanza. Kosa la kwanza ni kuzitazama kama muvi za ngumi. Ngumi zipo na visu vipo, lakini kinachoendesha kila kitu ni ukubwa na udogo: nani mkubwa, nani mdogo, na nini kinafuata mdogo akigoma. Genge kwao ni jopok. Mhuni wa mtaani ni kkangpae, na hilo ni tusi. Wenyewe hupenda kujiita geondal, neno lililotoka kwenye Ubudha, likimaanisha viumbe wa mbinguni wapiga muziki. Ndiyo maana mtu akiitwa kkangpae anaweza kuua kwa ajili ya neno hilo tu.

Mkubwa anaitwa hyungnim, yaani kaka, kwa heshima ya juu. Hili neno ni la nyumbani, si la ofisini, na ndilo linalofanya usaliti uwe mchungu.

Sasa tazameni meza ya pombe. Chupa ya soju, pombe kali ya Kikorea, ni mililita 360, inatoa glasi 7 hivi. Mdogo anamimina kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha. Akimiminiwa anapokea kwa mikono miwili. Akinywa anageuza uso pembeni. Kwa kawaida hajimiminii mwenyewe wala havuti sigara mbele ya mkubwa. Waongozaji wa Korea wanalitumia hili kama sisi tunavyotumia salamu: mdogo akimimina kwa mkono mmoja, au akanywa akimkazia mkubwa macho, vita imeshatangazwa na hakuna aliyefungua mdomo. Anayesubiri kelele ndiyo ajue kuna ugomvi atakuwa amechelewa dakika ishirini.

#2
Niongezee upande wa silaha, maana swali la "kwa nini wasipigane kwa bastola" hujirudia sana.

Korea Kusini raia hamiliki bunduki kirahisi. Hata ya kuwindia huhifadhiwa kituo cha polisi, mwenyewe anaichukua kwa kibali na kuirudisha. Wanaume hupita jeshini kwa lazima ya sheria, kwa hiyo kufyatua wanajua. Silaha yenyewe ndiyo haipo mtaani. Muvi ikimpa kila jambazi bastola, Mkorea anaona uongo mtupu. Kinachobaki ni kisu kirefu chembamba cha kukatia samaki mbichi, gongo la besiboli na bomba la chuma.

Hapo ndipo ladha inapozaliwa. Muuaji lazima afike mkono unapofika, amwone mwenzake machoni. Idadi inakuwa na maana: watu 15 kwa mmoja ni kifo, si mapambo. Halafu watu wanachoka. Angalia pambano la kwenye korido katika Oldboy ya 2003 (si muvi ya magenge hasa, lakini somo ni lilelile): kamera haikati, nyundo inazidi kuwa nzito, watu wanasimama kuhema. Walirudia mara 17 kwa siku 3 hadi ikakaa. Katika The Yellow Sea ya 2010, ya mwongozaji Na Hong-jin, watu wanamalizana kwa shoka, na yuko anayepiga kwa mfupa mkubwa wa nyama. Unausikia uzito wake.

Kwa hiyo bastola ikitokea, kaa chonjo. Katika A Bittersweet Life (2005) stelingi anahangaika kuitafuta, na ikishapatikana mizani yote ya muvi inageuka.

#3
Mkuu #1 kagusa heshima, mimi nataka kusema inapopotea: kwenye tafsiri.

Kikorea kina namna ya kusema ya heshima na namna ya kusema na wa chini au wa rika, na tofauti iko kwenye mwisho wa kitenzi. Sentensi ileile, kitenzi kikibadilika mkia, imekuwa matusi. Maandishi ya Kiingereza hayana pa kuiweka hiyo, yanaandika "you" mwanzo hadi mwisho. Na hyungnim mara nyingi inageuzwa kuwa "boss" au jina la mtu, udugu wote unafutika.

Cha kufanya ni rahisi. Weka sauti ya Kikorea, usiweke iliyodabiwa, kisha sikiliza mwisho wa sentensi. Ukisikia "-yo" au "-mnida", mtu anasema kwa adabu. Mikia hiyo ikikatika ghafla kwa mtu aliyekuwa akiitumia, jambo limevunjika. Ni kama kijana aliyekuwa anakuamkia shikamoo kila siku, leo anakupita na "mambo".

Muvi za kutafsiriwa na DJ zina uzuri wake, na DJ mzuri anaweza kulirudisha hili kuliko maandishi ya Kiingereza, kwa sababu Kiswahili kina shikamoo, kina kaka, kina mzee. Tatizo ni pale anapotia maneno kwenye ukimya. Muvi hizi zinasema mengi pale zinapokaa kimya. Ya kwanza itazame na DJ ukipenda, ya pili itazame na sauti yake.

#4
Mnaotaka kuielewa Korea yenyewe kupitia magenge, shikeni Nameless Gangster (2012) ya mwongozaji Yoon Jong-bin. Tarehe 13 Oktoba 1990 Rais Roh Tae-woo alitangaza vita dhidi ya uhalifu, na jina la Kikorea la muvi ndilo hilo hilo tangazo. Hadithi inarudi nyuma hadi 1982, bandarini Busan.

Choi Min-sik anaigiza afisa forodha mla rushwa. Hajui kupigana. Silaha yake ni ukoo. Wakorea huweka vitabu vya nasaba, na jamaa anagundua kwamba bosi wa genge, anayechezwa na Ha Jung-woo, ni wa ukoo wake wa Choi, tena yeye yuko kizazi cha juu. Basi jambazi anayetisha mji mzima analazimishwa na baba yake mzazi kumpigia magoti mzee mwenye kitambi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa zaidi, kujuana tunakujua.

Tazameni vitu viwili mkononi mwa afisa huyo: daftari nene la namba za simu za wakubwa, na bastola isiyo na risasi. Daftari linafanya kazi. Bastola ni ya kujionyesha tu. Anayefuatilia vitu hivyo viwili ameielewa muvi yote, hata kama majina yamemchanganya.

Onyo moja: lafudhi ya Busan. Ni nzito, na Wakorea wenyewe huisikia kama lafudhi ya ubabe. Friend ya 2001, iliyovuka watazamaji milioni 8 majumbani mwa sinema, iliipa lafudhi hiyo umaarufu nchi nzima. Ukisikia sauti inapanda na kushuka kama mtu anagomba, usidhani wanagombana. Ndivyo wanavyoongea.

#5
Wakuu, mimi mgeni wa hizi. Nianze na ipi, na kwa mpangilio gani?

#6
@5, mpangilio huu unafanya kazi:

The Outlaws (2017) kwanza. Ma Dong-seok ni kachero mwenye mikono kama magogo, hadithi imenyooka, imetokana na kesi ya kweli ya Seoul mwaka 2004. Saa 2 zinaisha hujui zimeishaje. Kisha New World (2013), halafu Nameless Gangster, halafu A Bittersweet Life. The Yellow Sea iache mwisho, inachosha roho.

New World ni saa 2 na dakika 14, na dakika 30 za kwanza ndizo zinazoangusha watu, kwa sababu ya majina na vyeo. Shika hivi tu: magenge yameungana yakawa kampuni, Goldmoon. Mwenyekiti amekufa. Wanaogombea kiti ni wawili, Jung Chung na Lee Joong-gu. Msaidizi wa Jung Chung, Lee Ja-sung, ni polisi aliyepandikizwa miaka 8 iliyopita. Mengine yote yatajipanga yenyewe.

Na sikilizeni Jung Chung (Hwang Jung-min) anavyomwita Ja-sung. Hamwiti cheo, anamwita "beuradeo", yaani braza, kama tunavyosema mtaani. Wote wawili ni Wachina waliozaliwa Korea, kutoka Yeosu, wageni ndani ya genge la wenyeji. Neno hilo moja limebeba muvi nzima. Ukifika kwenye pambano la lifti, watu wamebanana hadi visu havina pa kuzungukia, kumbuka nani anaitwa braza na nani yuko upande gani wa ukweli.

#7
Usiache biashara yao nyuma. Wengi hudhani ni dawa za kulevya tu. Kazi kubwa ya genge la Korea kwenye muvi ni ardhi: kuwatoa watu kwenye mitaa inayobomolewa ili majengo mapya yapande. Seoul ilibomoa mitaa mingi ya maskini kuelekea Olimpiki ya 1988, na vijana wa kukodi walitumika. Green Fish (1997) iko kwenye mji mpya wa Ilsan, Gangnam Blues (2015) inaonyesha mashamba ya Gangnam yakigeuka dhahabu miaka ya 1970. Ukiona vijana wenye suti wamesimama mbele ya nyumba ya bibi kizee, hiyo ndiyo kazi.

#8
ONYO: hapa nagusa mwisho kwa jumla.

Kwetu tumezoea stelingi hafi. Kwenye hizi, jiandae. Anayepanda genge kwa damu hashuki kwa ngazi, na waongozaji wa Korea hawamhurumii. A Bittersweet Life ya mwongozaji Kim Jee-woon ni mfano safi: jambazi anayechezwa na Lee Byung-hun anatumwa na bosi kumchunga mwanamke wake siku 3. Amri ni wazi, ukikuta mwanamume mwingine, piga simu au wamalize. Anawakuta, anawaachia. Hakuiba wala hakumuuza mtu. Ni huruma ya dakika chache, na inatosha kuteketeza watu wote. Anataka kujua kosa lake, na jibu la bosi linahusu kudhalilishwa, si pesa. Hapo utarudi kwenye lile la #1 la mkubwa na mdogo.

A Dirty Carnival (2006) inaumiza kwa njia nyingine. Jambazi anamsimulia siri zake rafiki wa utotoni ambaye ni mwongozaji wa filamu, na siri zinatokea kwenye skrini.

#9
Ubora wa nakala, kwa ufupi. Ukiona kisu kimewekewa ukungu, au sigara, au tatoo, hiyo imerekodiwa kutoka televisheni ya Korea. Itupe, tafuta nyingine. Nusu ya maana imefichwa. Pia angalieni daraja la umri. The Outlaws ilikuwa ya wazima tu. The Roundup ya 2022, mwendelezo wake, ilipewa miaka 15, damu ikapungua, ikavuka watazamaji milioni 12. Kwa hiyo mwendelezo usiupime kwa ukali wa ile ya kwanza. Watoto wasikae sebuleni kwa zote mbili.

#10
Maandishi ya chini yakipishana na midomo, yako matatizo mawili na dawa zake ni tofauti.

Kama yamechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ya kompyuta bonyeza G kuyawahisha au H kuyachelewesha, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Sekunde 2 ni mibonyezo 40.

Kama mwanzo yako sawa na yanazidi kuachana, G na H hazitakusaidia. Faili la maandishi limetengenezwa kwa video ya fremu (picha) 23.976 kwa sekunde na yako ni ya 25, au kinyume chake. Muvi ya saa 2 itaachana karibu dakika 5 ikifika mwisho. Pakua maandishi yanayolingana na jina kamili la faili lako, au yabadilishe fremu kwa programu ya Subtitle Edit. Kabla hujaanza, pima sehemu mbili: sentensi moja dakika ya 5, nyingine dakika ya 100. Zikikaa zote mbili, zima taa utazame.