Kwa nini pembe za Vienna Philharmonic zinasikika tofauti?

Muulizaji:
Wakuu, simfonia ileile ya Brahms ikipigwa na Vienna Philharmonic, pembe (ala za shaba za kupuliza zenye bomba lililokunjwa mviringo) hazifanani na za okestra nyingine. Zinateleza toka noti hadi noti kama mwimbaji, na zikipulizwa kwa nguvu zinawaka. Ni ala, ukumbi, au ni kiongozi mwenye kijiti?

Jibu 1:
Anza na ala. Kwingi hupigwa pembe ya mabomba mawili, moja la noti ya F na moja la B bapa. Vienna wameng'ang'ania ya F peke yake, bomba jembamba la mita 3.7 hivi. Upande wa B bapa ni kama mita 2.7 tu. Bomba likiwa refu, noti za juu husongamana. Midomo ikikosea kidogo tu unaangukia noti ya jirani, na ukumbi mzima unasikia. Kule kuteleza kunatokana na vali, yaani vifaa vya kubadili njia ya hewa ndani ya bomba: kila moja ina pistoni mbili ndogo zinazosukumwa na kijiti kirefu. Hewa haikatwi ghafla kama kwenye vali ya kuzunguka.

Jibu 2:
Msisahau timpani, zile ngoma kubwa za okestra, za ngozi ya mbuzi. Mlio wake ni mkavu, kila pigo linatengana, ila unyevu ukibadilika ngozi inalegea au inakaza na sauti inahama. Obo, ala ya mbao ya kupuliza, nayo ni ya Kivienna, si ya mfumo wa Kifaransa, na sauti yake haitetemeshwi sana.

Jibu 3:
Kiongozi mtoeni. Tangu 1933 hawana kiongozi wa kudumu, wanawaalika tu, na wanamuziki ndio wanaoamua mambo yao. Kinachobaki ni mazoea: kila mwanachama anatoka okestra ya Opera ya Taifa ya Vienna, na lazima aitumikie miaka 3 kabla ya kuomba kujiunga. Usiku kwa usiku wako shimoni chini ya jukwaa wakifuata pumzi za waimbaji. Hapo ndipo mtindo unaporithiwa, kwa maoni yangu kuliko darasani.

Muulizaji:
Kwa hiyo pembe yoyote ya F itanipa sauti ile?

Jibu 1:
Hapana. Pembe ya F ya kawaida ina vali za kuzunguka, kwa hiyo haitateleza vile. Tafuta yenye vali za pistoni mbilimbili na kibomba cha F kinachochomoleka. Ukitoka kwenye pembe ya mabomba mawili, anza na noti ndefu za katikati; za juu zitapasuka mno mwanzoni.