Jicho la Shifa

Mama Shifa: Asalaam aleikum nyote. Tumerudi Busia jana usiku. Picha ya MRI ya kichwa imeonyesha uvimbe kwenye neva ya jicho, ile kamba inayopeleka picha kwenye ubongo. Ndio ilikuwa inasukuma jicho nje na kuleta yale makengeza. Wanaiita glioma

Kaka Musa: Ya Allah. Operesheni ni lini tuanze kuchanga, mimi natoa laki mbili

Mama Shifa: Hawapasui kaka. Wamesema turudi baada ya miezi 3 wapime kuona kwake

Senga Rehema: Kungoja nini?? 😳 uvimbe uko kichwani kwa mtoto wa miaka 5 nyinyi mnaambiwa mngoje. Mpelekeni kwingine

Zai nesi: Senga polepole. Hii si ile ya mboni kung'aa nyeupe kwenye picha ya flashi, hiyo ni retinoblastoma, saratani ya jicho, na hiyo ndio haingoji, wengi wanakimbizwa hospitali ya macho ya Ruharo kule Mbarara. Ya Shifa mara nyingi inakua polepole sana, zingine zinasimama zenyewe, na ukikata neva kutoa uvimbe basi lile jicho halitaona tena maisha yake yote, sasa mtoto bado anaona unakimbilia kisu cha nini

Kaka Musa: na kuona kukipungua?

Zai nesi: Hapo wanaanza kemo, dawa za dripu. Mionzi kwa mtoto mdogo wanaiogopa. Mama Shifa walimwangalia ngozi?

Mama Shifa: Eh walimvua wakahesabu! Yale madoa ya rangi ya chai ya maziwa tuliyodhani ni alama za kuzaliwa tu, yako 9. Eti kwa mtoto yakifika 6 yaliyozidi milimita 5 wanashuku ugonjwa wa nyurofibromatosisi, na ndio inaleta huo uvimbe. Wanataka na baba yake aje

Senga Rehema: Madoa ya chai?

Senga Rehema: Kaka yangu, baba Shifa, anayo mgongo mzima. Jaja alikuwa akisema mama alimwagikiwa na chai akiwa na mimba yake

Zai nesi: 🙈 basi ni ya kurithi, ingawa karibu nusu ya wenye nayo hawakurithi kwa mtu. Senga na wewe jiangalie, na watoto wako

Kaka Musa: laki mbili nimetuma hata hivyo, MRI ya pili haitajilipa

Mama Shifa: Imefika kaka, Mungu akuzidishie 🙏

Senga Rehema: Mwanangu Hamza amekataa kuvua shati. Nangoja alale